Mwenye Kigezo: Habari za Ufundi wa Kupima na Kukata Nguo



Siku ya sikukuu kila mtu hutoa sandukuni nguo yake iliyo njema. Katika jubilei hii mtaona kanzu zilizofuliwa na kupigwa pasi, magauni ya akina mama, sare za waimbaji na za watoto wa shule. Watu watasema, "Nguo ile imemkaa vema," na wengine watauliza, "Fundi gani aliyeishona?" Lakini yuko mtu mmoja ambaye hapana amwulizaye. Ni yule aliyepima kabla sindano haijaingia, akachora, akakata. Wazee walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na nguo ni vivyo hivyo: ukiona imemkaa mtu barabara, ujue ilipimwa na kukatwa kwa akili kabla ya kushonwa.

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zina habari za waliojenga na waliofundisha. Mimi nimependa kuwaandikia habari za kazi hii ya kupima na kukata, ambayo nilijifunza ujanani kabla sijaitwa kufundisha. Ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilipita katika pwani yetu. Tena ina fundisho liwafaalo walimu na wazazi.

Kwanza nieleze neno lenyewe. Kigezo, kwa maana ya kazi hii, ni kipande cha karatasi kilichokatwa kwa umbo la sehemu moja ya nguo: mgongo, kifua, mkono, ukosi. Fundi hukilaza juu ya kitambaa, hukizungushia chaki, kisha hukata. Nguo moja yaweza kuwa na vigezo vitano, au kumi, au zaidi. Mtu ajuaye kuvitengeneza nitamwita mwenye kigezo. Yeye aweza asishone hata mshono mmoja, na hata hivyo nguo yote hutoka mikononi mwake.

Nguo isiyokatwa

Zamani nguo nyingi za dunia hazikukatwa. Mfumaji alifuma, na mvaaji alijifunga au alijitanda. Wayunani na Warumi walivaa hivyo, na sisi hata leo twavaa kanga, kikoi na shuka bila kuzitia mkasi. Katika Injili twasoma habari za kanzu isiyo na mshono, ambayo askari hawakutaka kuipasua wakaipigia kura. Sababu ni wazi. Kufuma kulikuwa kazi ya siku nyingi, na kila kipande kilichokatwa na kutupwa kilikuwa jasho la mtu lililotupwa.

Kanzu ya pwani yatuonyesha hatua ya pili. Hiyo hukatwa, lakini hukatwa kwa uchumi mkubwa. Mbele na nyuma ni badani, yaani vipande virefu vilivyonyoka. Mbavuni hutiwa taharizi, vipande vyembamba juu na vipana chini, ili mtu apate nafasi ya kupiga hatua. Chini ya kwapa hutiwa kikwapa, kipande kidogo ambacho watu wengi hawakioni. Nacho ndicho kinachomwezesha mvaaji kuinua mkono bila kupasua nguo. Shingoni hutiwa kaba ili pawe na nguvu. Karibu mistari yote imenyoka, na kitambaa kinachobaki ni kidogo sana. Fundi wa kanzu hakuhitaji karatasi. Kigezo chake kilikuwa kichwani mwake, naye alimrithisha mwanawe au mwanafunzi wake kwa kumketisha ubavuni pake miaka mingi.

Mafundi wa Ulaya

Huko Ulaya, katika karne za kati, watu walianza kutaka nguo za kubana mwili, zenye mikono iliyoshonwa begani na kifua kilichofuata umbo. Hapo mistari iliyonyoka haikutosha tena. Ilipasa mkasi uende kwa mapindo, na anayekata mapindo akikosea ameharibu kitambaa cha thamani. Ndipo mkataji akawa mtu mkubwa kuliko mshonaji.

Siri ya kukata ilishikwa na vyama vya mafundi. Mwaka 1580 fundi mmoja wa Hispania, Juan de Alcega, alichapisha kitabu mjini Madrid juu ya jiometria na uchoraji wa nguo. Alionyesha kwa picha jinsi ya kupanga vipande vya joho, kanzu na mavazi mengine juu ya kitambaa chenye upana fulani, ili kisipotee bure. Ni kimoja cha vitabu vya kwanza vya ufundi huu vilivyochapwa. Lakini aliyekisoma ilimpasa awe fundi tayari, kwa kuwa picha zile zilikuwa ndogo, nazo hazikuwa vigezo vya kulazwa juu ya nguo.

Utepe wa kupimia wenye namba, huu tunaouona shingoni mwa kila fundi, haukuwapo siku zile. Fundi alichukua ukanda wa karatasi, akauzungusha kifuani mwa mtu, akaukata alama kidogo ukingoni. Akauzungusha kiunoni, akaukata alama nyingine. Kila mteja alikuwa na ukanda wake wenye alama zake, na ukanda wa mtu huyu haukusema neno lolote juu ya mtu yule. Utepe wenye namba ulienea mwanzoni mwa karne ya 19. Wapenzi, ni kitu kidogo, lakini kiligeuza kazi yote. Kwa namba fundi aliweza kulinganisha mwili na mwili, na kutafuta kanuni: mwenye kifua cha kadiri hii, mgongo wake kwa kawaida una upana wa kadiri gani?

Jambo jingine lafaa kukumbukwa. Katika mji wa Paris haki ya kukata nguo ilikuwa ya mafundi wanaume. Wanawake walishona kwa siri, wakanyang'anywa kazi zao na kutozwa faini. Mwaka 1675 Mfalme Louis XIV aliwapa chama chao wenyewe, wakaruhusiwa kuwashonea wanawake wenzao na watoto. Tangu hapo mkasi ulianza kuingia mikononi mwa akina mama kwa halali.

Kutoka Salem mpaka Unguja

Sasa twende Marekani, katika nchi ya Massachusetts, kwa kuwa nchi hiyo ndogo imeunganishwa na pwani yetu kwa uzi wa pamba.

Katika miaka ya 1820 na 1830 merikebu za mji wa Salem zilikuja Unguja kununua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaja Unguja kuwa balozi wao wa kwanza. Merikebu hizo zilileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wetu walikipenda kwa nguvu zake, wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka.

Merikani ilikwenda bara pamoja na misafara, hata ikawa kama fedha. Vibarua walilipwa kwayo na ushuru wa njia ulitolewa kwayo. Ilipimwa kwa mwili wa mtu. Mkono ulikuwa toka kisigino cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na mikono minane ilifanya doti. Basi pakawa na ugomvi mwingi, maana mwuzaji mwenye mkono mfupi alipata faida, na mnunuzi alikwenda kumtafuta nduguye mrefu aje kumpimia. Msicheke upesi. Ugomvi ule wa sokoni ndio swali la habari hii yote: mwili wa nani uwe kipimo?

Vita vya Wamarekani wao kwa wao, vya 1861 hata 1865, vilikata pamba, na baada yake vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikachukua nafasi ya kile cha Salem. Jina la merikani likabaki.

Nchi hiyo hiyo ya Massachusetts ndiko alikozaliwa Elias Howe, aliyepata hati ya serikali kwa cherehani yake mwaka 1846. Na katika mji wa Boston, mwaka 1851, Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake, ambayo jina lake limejulikana hata vijijini kwetu. Mashine ilifanya mshono uwe mwepesi. Mama aliyeshona shati kutwa nzima sasa aliweza kulimaliza kwa muda mfupi. Lakini mashine haikujua kukata. Mama alikuwa na cherehani mezani na kitambaa mkononi, asijue aanzie wapi.

Karatasi ya kahawia na karatasi ya shashi

Yasimuliwa ya kwamba mama mmoja Mmarekani, Ellen Demorest, alimwona mtumishi wake, mwanamke mweusi, akikata kigezo cha gauni kwa karatasi ya kahawia ya kufungia vitu. Bibi huyo akapata wazo: kwa nini vigezo kama hivyo visiuzwe kwa wanawake wote? Mwaka 1860 yeye na mumewe wakaanzisha gazeti la mitindo ya nguo, na ndani yake wakatia kigezo cha karatasi ya shashi. Biashara yao ikakua sana, nayo yasifiwa kwa kuwaajiri wanawake weusi pamoja na weupe bila kuwabagua kazini. Lakini yule mtumishi aliyekata karatasi ya kahawia, masimulizi hayamtaji jina.

Kigezo cha gazeti kilikuwa na kasoro moja. Kilikuwa cha mwili mmoja tu. Aliye mnene kuliko huo, au mfupi, alibaki pale pale.

Mwaka 1863, katika mji mdogo wa Sterling, huko huko Massachusetts, alikuwako fundi jina lake Ebenezer Butterick. Yasimuliwa ya kwamba mkewe, Ellen, alitaka kumkatia mtoto wao nguo. Akatandaza kitambaa mezani, akaanza kuchora kwa chaki, akaona ni taabu. Akamwambia mumewe ya kuwa ingekuwa rahisi kama vingekuwapo vigezo vya vipimo mbalimbali, kila mtoto na chake. Butterick alilitia moyoni neno la mkewe. Akachora kigezo kimoja, kisha akakikuza hatua kwa hatua na kukipunguza hatua kwa hatua, mpaka akawa na jamii nzima ya vigezo. Kwanza alitumia karatasi nene. Ilipokataa kukunjika vizuri ndani ya bahasha, akatumia shashi.

Vigezo vyake vya kwanza vilikuwa vya nguo za wanaume na watoto wa kiume. Mwaka uliofuata akafungua nyumba ya biashara New York, na baada ya miaka michache akatoa pia vya wanawake. Vikavuka bahari kwenda Ulaya. Vigezo vya siku zile havikuwa na maandishi wala mistari. Alama zake zilikuwa matundu na kata ndogo ukingoni, na mshonaji alizisoma kama mtu asomavyo nyayo njiani. Kuchapa mistari na maneno juu ya kigezo kulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa kazi ya kampuni ya McCall.

Hivyo siri iliyofungwa miaka mingi katika vyama vya mafundi iliuzwa kwa senti chache katika bahasha.

Kazi yenyewe

Huenda msomaji akauliza, "Kuna ugumu gani katika kukata karatasi?" Na nieleze, kwa sababu asiyeijua kazi huidharau.

Mwenye kigezo hupima kwanza: urefu wa mgongo toka mfupa wa shingo mpaka kiuno, upana wa mabega, mzunguko wa kifua, wa kiuno na wa nyonga, na urefu wa mkono ukiwa umekunjwa kidogo, maana mkono ulionyoka hudanganya. Kwa vipimo hivyo huchora kigezo cha kwanza, kisicho na mfuko wala urembo. Hicho ni mama wa vigezo. Magauni yote ya baadaye, yakiwa ya mtindo wowote, hutokana na huyo mama.

Hapo hukutana na fumbo kubwa la ufundi huu. Karatasi ni bapa, na mwili si bapa. Mwili una vilima na mabonde. Kitambaa hakina budi kujifunza kufuata kilima bila kujikunja ovyo. Kwa hiyo fundi hutoa pembe nyembamba kiunoni au begani, mkunjo wenye ncha unaoelekea kilimani, na ukishashonwa, kitambaa bapa huvimba mahali pake. Kichwa cha mkono wa nguo nacho hukatwa kirefu kidogo kuliko tundu la bega, ili bega lipate duara yake.

Kisha hufikiri nafasi. Nguo iliyo sawasawa kabisa na mwili haivaliki: mtu hawezi kupumua, wala kuketi, wala kuinua mkono kumwamkia mwenziwe. Lazima kuongeza, na kujua mahali pa kuongeza. Kisha huongeza ziada ya mshono pembeni mwa kila kipande, yapata sentimita moja au moja na nusu. Kisha huchora mshale wa uzi, kuonyesha kigezo kilazwe vipi juu ya kitambaa. Mshale huo ukipuuzwa, nyuzi huenda mshazari, na mguu wa suruali hujizungusha kwenye muundi baada ya kufuliwa. Mwisho huweka alama za kukutania, ili mshonaji ajue mkono wa kulia usije ukatiwa kushoto.

Baada ya hayo hashiki bado kitambaa cha thamani. Hukata nguo ya majaribio kwa kitambaa rahisi, humvika mtu, hutia pini, hupunguza hapa na kuongeza pale, kisha hurudi kuisahihisha karatasi. Na kitambaa cha majaribio kitumiwacho katika nyumba nyingi za mitindo ni pamba nyepesi au nzito isiyopaushwa, yaani ndugu yake ile merikani ya babu zetu.

Katika kiwanda kazi huzidi. Kigezo kimoja hukuzwa na kupunguzwa kwa saizi nyingi, wala hakikuzwi kama picha ivutwavyo pande zote sawasawa. Maana mtu akinenepa, kifua chake huongezeka zaidi kuliko shingo, na mabega yake huongezeka kidogo tu. Kisha vipande vyote hupangwa juu ya kitambaa kama mawe ya ukuta, hiki kikiingia katika pengo la kile, ili visibaki vipande vya kutupwa. Tena kitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa mara moja. Mshonaji akikosa, ameharibu shati moja. Mwenye kigezo akikosa, ameharibu mashati elfu, na yote kwa kosa lile lile.

Kosa langu mwenyewe

Nalijua neno hili kwa kuwa lilinipata. Nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, nilipewa kukata kanzu kumi na mbili za waimbaji watoto. Nikachukua kanzu kuukuu, nikaifumua, nikavilaza vipande vyake juu ya karatasi na kuvichora. Nilijiona stadi. Vipande vile vilikuwa vimekunjamana mishononi kwa kuvaliwa miaka mingi, nami nilichora mpaka mahali pa mshono tu, nikasahau ziada. Nikapanga kitambaa tabaka kumi na mbili, nikakata. Zilipojaribiwa, hakuna mtoto hata mmoja aliyeweza kufunga kifua chake.

Kitambaa kile kilinunuliwa kwa michango ya akina mama, wengine kwa mayai na wengine kwa ndizi. Nilitamani ardhi inimeze. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kikikatwa hakiungiki. Fundi wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Leta masalio." Akakata katika masalio yale taharizi nyembamba, akatia moja kila ubavu, na kikwapa chini ya kila mkono, kama wafanyavyo mafundi wa kanzu tangu zamani. Siku ya ibada watu walisifu zile kanzu, wakidhani michirizi ile ya ubavuni ni urembo. Lakini fundi alikitundika kigezo changu kibovu ukutani mwa karakana, nacho kilikaa pale mpaka nilipoondoka.

Mwili wa nani ndio kipimo?

Sasa nirudie swali la mkono wa sokoni. Wakati wa vita vile vya Wamarekani, serikali ya Kaskazini ilihitaji sare za askari kwa maelfu, zikashonwa kwa saizi zilizopangwa. Tangu hapo nguo tayari za wanaume zikawa na hesabu ya kuzitegemea. Za wanawake zilibaki kwa kubahatisha.

Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani, kwa ofisi yake ya mambo ya nyumbani, iliwapima wanawake wapata 15,000, kila mmoja vipimo 59. Habari zake zilichapishwa mwaka 1941 na Ruth O'Brien na William Shelton. Ilikuwa kazi kubwa na ya uangalifu. Lakini wanawake wasio weupe waliopimwa, vipimo vyao havikutiwa katika hesabu. Na juu ya hesabu hiyo zilijengwa saizi za nguo za wanawake zilizotangazwa huko mwaka 1958, zikadumu katika sheria ya hiari ya biashara mpaka zilipofutwa mwaka 1983. Baada ya hapo kila kampuni ikajipangia, ndiyo maana saizi 12 ya duka hili si saizi 12 ya duka lile.

Angalieni jambo hili. Yule mwanamke mweusi wa karatasi ya kahawia, kama masimulizi ni kweli, alikuwa mwalimu wa biashara nzima ya vigezo. Miaka themanini baadaye wajukuu wa dada zake walisimama mbele ya utepe wakapimwa, kisha wakaachwa. Nguo haiwezi kumjua mtu ambaye hakuhesabiwa.

Siku hizi kompyuta huchora vigezo na kuvikuza kwa dakika chache. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Joseph Gerber, mzaliwa wa Vienna, aliyekimbilia Marekani akiwa kijana kwa sababu ya mateso ya Wayahudi. Akiwa mwanafunzi alivuta mpira wa kiunoni wa suruali yake ya kulalia, akautumia kuwa rula inayotanuka kwa kukokotoa vipimo. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni yake ikatoa mashine ya kukata kitambaa kwa kuongozwa na kompyuta. Ni maajabu. Hata hivyo kompyuta hukuza kile ilichopewa. Ikipewa kipimo cha mtu mwingine, itakosea upesi zaidi kuliko mimi na kanzu zangu kumi na mbili.

Neno kwa walimu na wazazi

Nguo nyingi tuvaazo leo, mpya na mitumba, zimekatwa kwa vigezo vilivyochorwa mbali. Binti hununua gauni sokoni. Kiuno kimekubali, nyonga zimekataa. Hurudi nyumbani akasema, "Nina mwili mbaya." Mama mzito huona haya. Kijana mrefu huinama ili suruali ifike. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi, hata katika watoto wa shule, na kila mara moyo wangu huniuma. Watoto hao si wabaya. Nguo ile ilikatiwa mwingine. Kigezo kilifanyizwa kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kigezo. Fundi akiona nguo haimkai mtu, hamkati mtu. Huirudia karatasi yake.

Basi walimu, nawaomba mawili. La kwanza, katika masomo ya ushonaji msiridhike na kumfundisha mtoto kukanyaga cherehani. Mfundisheni kupima na kuchora. Ni hesabu, ni jiometria, na gazeti kuukuu latosha kuwa karatasi. Anayejua kushona tu atangoja kukatiwa maisha yake yote.

La pili, wekeni vigezo vyenu. Kila parokia ina fundi mmoja au wawili wanaoshona kanzu za waimbaji, sare na vitambaa vya madhabahu, na vigezo vyao viko vichwani. Siku wakifariki, tutazika pamoja nao. Vichorwe katika karatasi ngumu, viandikwe vipimo, mwaka na jina la aliyevichora, vitundikwe katika kabati la kanisa. Yule wa karatasi ya kahawia hakuandikwa jina. Wetu tuwaandike.

Na siku ya jubilei, mkiisha kumsifu mvaaji na mshonaji, mwulizeni pia aliyekata.